Kusakinisha Programu Huria ya Kupanga Picha: digiKam

Anza na tofauti inayowapotezea wengi alama. Huria siyo sawa na bure. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Programu inaweza kutolewa bure na bado isiwe huria. digiKam, iliyoanzishwa mwaka 2001 na kuendelezwa ndani ya mradi wa KDE, ni huria kwa leseni ya GPL.

Chukua studio ya picha pale Katoro, Geita. Kompyuta ni moja, na picha za paspoti, harusi na misiba za miaka kadhaa zimejaa kwenye folda zinazoitwa "mpya" na "mpya2". Mteja anakuja kuomba picha ya marehemu baba yake. Utaitafuta wapi?

Kwenye Windows, hakikisha kwanza mfumo ni wa biti 64. Pakua programu kutoka digikam.org, si kutoka kwenye flashi iliyozunguka mtaa mzima, kisha bonyeza faili mara mbili na ufuate maelekezo. Kwenye Ubuntu, fungua terminali, andika sudo apt install digikam, halafu weka nywila. Herufi za nywila hazitaonekana unapoandika. Usidhani kibodi imekufa.

Ukiifungua mara ya kwanza, itakuuliza mambo kadhaa. Mawili ndiyo ya kuelewa: folda ya picha iko wapi, na kanzidata ikae wapi. digiKam haimezi picha zako. Picha hubaki kwenye folda zake, na albamu unayoiona ni folda halisi ya diski. Kanzidata, yaani faili la digikam4.db, hutunza kumbukumbu tu: lebo, alama na mahali picha ilipo. Itakuuliza pia kama lebo ziandikwe ndani ya picha zenyewe. Kubali, ili lebo zisipotee kanzidata ikiharibika.

Picha ya simu huweza kubeba tarehe na hata majira ya GPS. Mchimbaji mdogo akipiga picha duara lake jipya na kulituma faili halisi, anayelipokea anaweza kuliona duara kwenye ramani. Ndani ya digiKam unaweza kuyaona majira hayo na kuyafuta kabla ya kutuma.

Swali: Mwenye studio mjini Shinyanga alinakili digikam4.db peke yake kwenye diski ya nje. Umeme ulikatika ghafla na diski ya kompyuta ikaharibika kabisa. Je, diski ya nje itamrudishia picha? Eleza. (Alama 4)

Jibu: Hapana. Kanzidata ina taarifa kuhusu picha, haina picha zenyewe. Picha zilikuwa kwenye folda za diski iliyoharibika. Alipaswa kunakili folda za picha pamoja na kanzidata, na kuiweka nakala hiyo mbali na kompyuta.