Kiwambo cha Tarakilishi na Rangi ya Wino

Katika baadhi ya miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, vipande vya ubeti hutengwa kwa alama za wino mwekundu. Mtafiti anayesomea nyumbani picha za miswada ya aina hiyo, mathalani ile iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, huutegemea uaminifu wa kiwambo chake. Kiwambo kikikosea, wekundu huonekana hudhurungi, na alama ikadhaniwa kuwa doa.

Anayenunua kiwambo kwa kazi hii hana budi kutafuta cha aina ya IPS. Kile cha TN, japo aghalabu ni nafuu, hubadilisha rangi pindi msomaji anapoinamisha kichwa. Ukubwa si hoja, ingawa wauzaji hushikilia kuwa ndiyo hoja.

Kusawazisha rangi ndiko kwenye kazi. Kiwambo huachwa kikiwaka kwa nusu saa, mbali na mwanga wa dirisha. Kisha mwangaza hupunguzwa hadi kandela 120 hivi kwa kila mita mraba, weupe ukawekwa kwenye kelvini 6500 na gama kwenye 2.2. Jicho pekee halitoshi, kwa kuwa huzoea upesi weupe wowote linaoonyeshwa. Hakimu ni kolorimita, kifaa kinachowekwa juu ya kioo ili kupima mwanga. Programu yake huhifadhi masahihisho ndani ya tarakilishi, na upimaji hurudiwa kila baada ya mwezi hivi, kwani taa za kiwambo huchakaa.