Vidokezo 7 vya Kuuzoea Mlima wa Jioni kwa Baiskeli

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hawakuwahi kwenda kazini kwa baiskeli kutoka Gatwekera, Kibera. Huku ngoma ni jioni: barabara iliyokuteremsha asubuhi hadi Haile Selassie, katikati ya Nairobi, inakudai kila mteremko ulioufaidi, tena ukiwa na njaa. Basi jipange hivi.

1. Ijaribu njia Jumapili. Magari ni machache na hakuna bosi anayetazama saa. Nenda, kisha rudi. Dakika za kurudi ndizo zitakazokwambia ukweli.

2. Ndani ya mtaa, sukuma. Vichochoro ni vyembamba, mitaro iko wazi, watoto wanakimbilia shule. Kusukuma hadi kituo cha Olympic si aibu, ni kupasha miguu moto. Kama njia yako inavuka reli, ivuke gurudumu likiwa limenyooka. Ukienda kimshazari, chuma kilicholowa kitakulaza chini.

3. Badili gia kabla ya mlima. Mbele weka gia ndogo, nyuma kubwa, miguu izunguke upesi bila kulazimisha. Ukingoja hadi katikati ya mwinuko, cheni itakwaruza au itatoka. Una Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia? Shuka usukume. Wanaobeba mitungi ya maji hufanya hivyo kila siku.

4. Usione haya kuhema. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Aliyetoka Mombasa juzi ajipe wiki mbili tatu. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza mwendo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4, alijifunza baiskeli kwa David Kinjah huko Kikuyu, kwenye vilima vya jirani yetu. Naye alianza kwa kuhema.

5. Mwone fundi kabla ya mvua. Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, rimu zikilowa breki huchelewa kushika. Raba zilizoisha zibadilishwe mapema. Kwenye mteremko wa Community wa kuingia mjini, bonyeza na kuachia, breki zote mbili, na uanze kabla hujaiona matatu ikisimama ghafla mbele yako.

6. Shati la kazi lisafiri mkobani. Likunje vizuri, uvae fulana njiani. Fika dakika 15 mapema: jasho likauke kwanza, ujipanguse kwa kitambaa chenye maji, ndipo ubadilishe. Ukivaa shati mwili ukiwa bado moto, utalowa upya.

7. Kula kabla ya kurudi. Ndizi mbili na maji saa kumi na moja hufanya kazi vizuri kuliko sahani ya chapati na maharagwe utakayoiota njia nzima. Kisha ugawe mlima vipande kwa vituo vya njiani: Community, mochari, Prestige, Adams. Wiki ya kwanza pumzika kila kituo. Ya pili, ruka kimoja.

Siku utakayopita mochari ukiwa bado juu ya tandiko, tena unapiga mluzi, ujue umeuzoea. Kilichobaki ni kichochoro cha nyumbani, na hicho, kama tulivyosema, kinasukumwa.