Wewe wa Chumba cha Mitambo

Mdogo wangu wa Uyole, nimeisoma barua yako mara mbili. Umemaliza stashahada ya elektroniki, umepata kazi kwenye kituo cha televisheni, na sasa unaona haya kwa sababu shangazi zako wanauliza mbona hawakuoni kwenye taarifa ya habari. Unasema zamu yako ya usiku ni "kukaa tu na kutazama skrini".

Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Chukua mvua zetu za Machi. Wingu likishashuka kutoka Mlima Loleza, simu zinaanza kuita: picha inaganda! Usikimbilie kugusa kitu. Tazama picha inayotoka studio, halafu ile inayorudi kutoka kwenye setilaiti. Zote zikiwa mbovu, tatizo liko ndani, basi ifuate njia ya picha kifaa kwa kifaa kuanzia kwenye chanzo. Ya studio ikiwa safi, mpigie mwenzako wa Iringa. Akisema kwake picha ni nzuri, ujue matangazo yanakwenda, ila mvua inayasumbua yanaposhuka huku kwenu. Na wenye madishi madogo ndio wanaoumia zaidi, maana masafa ya Ku hudhoofishwa na mvua kuliko yale ya C ya madishi makubwa. Msichana anayeweza kutambua hayo ndani ya dakika mbili, peke yake usiku, hakukaa tu.

Kisha andika kwenye daftari la zamu. "Picha ilisumbua" haimsaidii fundi wa asubuhi. Andika hivi: "Saa 3:12 usiku, picha ya setilaiti iliganda, ya studio safi, Iringa wanapokea vizuri, mvua kubwa, nimemjulisha msimamizi." Kwa maandishi ya namna hiyo wakubwa watakujua kabla hawajakuzoea sura.

Unasema mafundi wakongwe hawafundishi. Wengi wao walianzia kwenye analojia. Ilipozimwa Dar es Salaam 31 Desemba 2012, na Mbeya mwaka uliofuata, ikabidi waijue dijitali wakiwa kazini. Wana mengi, tena wanapenda kuulizwa. Wafuate saa za utulivu, si dakika tano kabla ya kwenda hewani. Wakikuambia wasichana hawavuti kebo, vuta. Ila mnara usiupande bila mkanda wa usalama na mtu aliyefunzwa, hata wakucheke.

Kuhusu pesa, wadogo zangu nyote wa zamu, sikilizeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, na kila saa ya kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Itafute kwenye hati yako ya mshahara wa mwezi huu. Usipoiona, nenda kwa mtu wa utumishi, kwa adabu, ukiwa na nakala ya ratiba ya zamu mkononi.