KILINDI MLANGONI PETU

Sisi watu wa Likoni tumeizoea feri kama tulivyozoea matatu. Mtu huingia, akasimama karibu na ukingo, akatafuna mahamri yake mpaka ng'ambo, wala hajiulizi chini ya miguu yake mna nini. Leo hebu tujiulize.

Jibu limo katika jina. Kilindi ni mahali baharini penye maji marefu sana. Wingi wake ni vilindi. Ukitia kiambishi -ni cha mahali wapata Kilindini, yaani penye kilindi. Sasa, kilindi hiki kina kina gani? (Angalia: "kina" ya kwanza ni kitenzi, ya pili ni nomino. Na vina vya shairi ni vyengine kabisa!)

Mnamo Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, likazama na mama na mwanawe. Wapiga mbizi walilikuta mita 58 chini, na halikutolewa hadi Oktoba 11. Mita 58 ni kama jengo la ghorofa 18: lau lingezamishwa wima, hata paa lisingeonekana. Tena kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji huongezeka kwa kadiri ya uzito wote wa hewa inayotukandamiza hapa juu. Pale chini mwili hubanwa karibu mara 7 ya kawaida, na giza ni totoro. Ndiyo sababu kazi ile ilichukua siku nyingi.

Kwa nini pawe na kina hivyo karibu na nchi kavu? Zamani za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yaliganda na bahari ikashuka zaidi ya mita 100. Mito ilichimba mabonde katika mawe ya matumbawe. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda ikayafunika. Kwa hiyo kivuko chetu ni bonde la mto lililozama.

Tusijisifu mno, lakini. Kilindi kikuu duniani ni kile cha Challenger, katika Bahari ya Pasifiki, chenye karibu mita 10,900. Jacques Piccard na Don Walsh walikifikia Januari 23, 1960 ndani ya chombo kiitwacho Trieste. Huko uzito wa maji wapita mara 1,000 ule wa hewa.

Hapa wengi wetu hukosea mtihani. Mahali penye kina si lazima pawe mahali pa chini. Kina hupimwa kutoka uso wa maji yenyewe. Mahali pa chini hupimwa kutoka usawa wa bahari. Ufuo wa Bahari ya Chumvi, kati ya Israeli na Jordani, uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa huo, na watu hutembea pale wakiwa wakavu! Katika Afrika, pa chini kabisa ni Ziwa Assal, Jibuti, kiasi cha mita 155 chini ya bahari. Nalo Ziwa Tanganyika lina yote mawili: uso wake uko juu ya bahari kwa mita 770 hivi, lakini kina chake ni mita 1,470. Toa, utaona kwamba sakafu yake iko mita 700 chini ya bahari. Assal na Tanganyika ni watoto wa Bonde la Ufa, pale ardhi inapopasuka na kudidimia.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi haya yetu tumeyajua. Aprili 29, 1994 feri ilipinduka Mtongwe, watu wapatao 270 wakafa, na nchi kavu waiona pale pale. Basi ndugu yangu, usikimbilie feri inayoondoka, usikae ukingoni kwa mzaha, na ukipata wa kukufundisha kuogelea, jifunze. Anayejua kina haogopi bure, wala hachezi.

ZOEZI
1. Tunga sentensi yenye "kina" mbili zenye maana tofauti.
2. Taja majina mengine matatu ya mahali hapa pwani yanayoishia kwa -ni.
3. Eleza tofauti ya mahali penye kina na mahali pa chini, kwa mifano.