Nilisimama kwenye mkesha, sasa binti yangu hana godoro

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza supu na chapati karibu na stendi hapa Mbeya. Mwezi Mei, kwenye mkesha, Mtumishi alisema kuna watu saba ambao Mungu anataka kuwavusha, basi wasimame wapande mbegu ya laki tatu na nusu kila mmoja. Moyo ulinidunda nikasimama. Niliutegemea mgao wa kikoba, ambao ulikuwa laki nne na ishirini. Nikatoa laki moja. Sasa binti yangu wa kwanza amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni Tabora, na anaripoti wiki ijayo. Fomu inataka godoro, shuka, ndoo, sare na michango. Nikimalizia ahadi nabaki na sabini elfu, mtoto haendi. Mhudumu wa kanisa ananipigia kila jioni, na juzi alinikumbusha Anania na Safira. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, hajui lolote. Nikinunua godoro nitakuwa nimemwasi Mungu? Au ni imani yangu ndiyo ndogo?
Aliyesimama, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Nianze na godoro, maana ndilo lenye tarehe. Linunue. Ada ya kidato cha 5 na cha 6 ilifutwa mwaka 2022 na wote tukashangilia, lakini mzazi wa mtoto wa bweni anajua kwamba orodha ya vitu haikufutwa pamoja nayo.

Sasa tuje kwa Anania, kwa kuwa naona ndiye anayekukosesha usingizi. Mhudumu akipiga tena simu, mwombe mfungue wote Matendo ya Mitume sura ya 5 na asiishie njiani, afike mstari wa 4. Hapo Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa mali yake kabla hajaliuza, na hata alipokwisha kuliuza fedha zilikuwa chini ya uamuzi wake. Hakudaiwa hata senti. Kilichomwangusha ni kuleta sehemu na kudanganya kwamba ndiyo yote. Wewe umemficha nani? Kanisani hujamficha mtu, kila mmoja anajua umetoa laki moja. Uliyemficha ni mumeo, na huko nitafika.

Nina hakika usiku ule mlisomewa pia mjane wa Sarepta. Husomwa kila panapotakiwa bahasha. Nabii Eliya alimwomba mkate mdogo wa unga wa mwisho, naye akatii. Lakini nenda nayo hadi mwisho: unga haukupungua, wakala siku nyingi, yeye mjane, nabii na watu wa nyumba ile. Nabii alikula chungu kimoja na mtoto wa mwenye unga. Mahubiri mengi niliyosikia huishia pale mama anapotoa, hayafiki pale mtoto anaposhiba.

Usidhani nakufungulia mlango wa kutoroka. Ulisimama, ukatamka, na hukushikiwa fimbo. Kumbukumbu la Torati 23 na Mhubiri 5 zinamkaripia mtu mwepesi wa kuahidi na mzito wa kulipa. Nadhiri si maneno ya kwenye daladala. Ila katika hilo hilo Neno unaloogopa kulivunja, kuna mlango wanaokupigia simu wameupita kimya. Walawi 27:8 inasema aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kiwango kilichowekwa, aletwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Torati yenyewe ilijua kwamba mtu huweza kuahidi kuliko mfuko wake, ikamwekea utaratibu. Kuhani alipewa kazi ya kupunguza. Wewe unapigiwa simu.

Na kuna Marko 7, ambayo kwangu ndiyo inayokata shauri. Mtu alikuwa akiitamkia mali yake neno Korbani, yaani imekwisha kuwa ya Mungu, halafu wazazi waliomtegemea wakabaki mikono mitupu, na wakuu wa dini wakaona sawa. Yesu aliwaambia hao wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Pale walikuwa wazazi, kwako ni binti wa kidato cha tano. Ile fedha ya kikoba ilikuwa na mwenyewe kabla hujaingia kwenye mkesha.

Nilikulia kwenye kanisa la kijijini lenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Mayai, ndizi, maharage, kila kitu kinapandishwa bei pale nje huku watoto tukicheka. Mwaka mmoja mdogo wangu alikuwa mgonjwa, nyumbani hakuna kitu, na mama akapeleka tetea wetu wa mwisho kwa sababu alikuwa ameahidi. Mzee mmoja wa kanisa alipanda bei hadi wengine wakanyamaza, akamlipia. Jioni tukasikia hodi. Alikuwa ameshika tetea yule yule, miguu imefungwa kwa ukanda wa mgomba, akamkabidhi mama na kusema mgonjwa anywe mchuzi. Mama alikuwa ametii na mzee naye akatii, na kanisa likapata fedha yake.

Sasa mumeo. Mpigie leo, usingoje arudi. Mweleze mkesha, ahadi, ile laki moja na hizo simu. Atakasirika, na ana haki, maana Hesabu 30 inamtambua mume kama mtu wa kuulizwa katika nadhiri ya mkewe, na wewe ulimruka. Wengine watanipinga kuhusu sura hiyo katika zama hizi, lakini hata ukiiweka kando, fedha ya nyumba haipangwi gizani.

Kisha nendeni wawili kwa Mtumishi mwenyewe, si kwa mhudumu. Mwambie bila kulia: niliahidi kuliko uwezo, nimemsafirisha mtoto, naweza kutoa elfu kumi kwa mwezi, au siwezi kabisa hadi mgao ujao. Usiombe msamaha kwa ajili ya godoro. Akikupokea na kukukadiria upya, una mchungaji, kaa hapo na ulipe ulichosema hadi mwisho. Akikutajia laana, beba Biblia yako uende kunakosomwa sura nzima.

Imani yako si ndogo. Ungekuwa huna, simu ya jioni isingekutetemesha.

Godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Pima kabla ya kulipa, vitanda vya bweni ni vyembamba.