Kuweka Nyumba Tayari kwa Baridi na Krismasi

Uswidi ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, mbali sana na ikweta. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, lakini huko sivyo. Mhimili wa dunia umeinama, na mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huelekea mbali na jua. Mjini Stockholm, katikati ya mwezi huo, jua huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limekwisha kutua. Maziwa mengi huganda yakawa barafu, hata mtu aweza kutembea juu yake. Nchi ya namna hii haimwachi mvivu aone raha. Na tuone jinsi watu wa mashamba ya Uswidi walivyojiweka tayari zamani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuni. Mkulima hakungoja baridi ifike ndipo ashike shoka. Alikata miti wakati wa baridi iliyotangulia, akayaburuta magogo juu ya theluji, akayapasua, kisha akazipanga kuni mahali penye upepo na jua, zikauke muda wote wa joto. Kwa nini alitangulia hivyo? Kwa sababu kuni mbichi zina maji mengi, na moto hutumia nguvu zake kuyageuza maji yale kuwa mvuke kabla ya kumpa mtu joto. Tena kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na masizi hushikamana ndani ya dohani. Masizi hayo yakiwaka, nyumba ya mbao yaweza kuteketea yote.

Kazi ya pili ilikuwa kuzuia baridi isiingie. Kila dirisha lilitiwa kioo cha pili kwa ndani, na nafasi iliyobaki kati ya vioo ikatandikwa pamba chini. Viazi viliwekwa katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, maana huko haviwezi kuganda. Nyasi kavu zilijazwa ghalani, kwa kuwa ng'ombe walikaa zizini miezi mingi.

Lakini nyumba iliyofungwa sana ina hatari yake. Katika dohani palikuwa na kifuniko cha chuma cha kuzuia joto lisitoke. Mtu akikifunga makaa yakiwa bado mekundu, hewa yenye sumu hujaa chumbani. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na aliyelala aweza kufa asijue. Jambo hili latuhusu sisi pia: usilale kamwe na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali namna gani.

Krismasi nayo ilitayarishwa mapema. Wanyama walipochinjwa, mafuta yao yaliyeyushwa, na nyuzi zikachovywa humo mara nyingi hata zikawa mishumaa. Samaki aliyekaushwa akawa mgumu kama ubao alianza kulowekwa tarehe 9 Desemba, siku ya Mtakatifu Anna: kwanza katika maji, kisha katika maji ya majivu, kisha katika maji safi tena siku nyingi, mpaka akalainika na kufaa kuliwa. Aliyesahau siku ile hakuwa na samaki mezani. Hata ndege wa angani hawakusahauliwa. Mganda wa shayiri ulifungwa juu ya mti uani, ili nao wapate chakula theluji ilipofunika nchi.

Je, bidii ya mtu mmoja yatosha? Haitoshi siku zote. Mwaka 1867 baridi ilikawia mno kuondoka kaskazini ya Uswidi, na mavuno yakawa haba sana. Watu wenye bidii walikula mikate iliyochanganywa na magome ya miti na kuvu za miambani. Ndiyo sababu wenye hekima katika parokia nyingi walikuwa wamejenga ghala za nafaka za watu wote: mwaka wa neema kila mtu alileta sehemu yake, na mwaka wa shida mwenye kukosa alikopeshwa.

Siku hizi nyumba nyingi za miji ya Uswidi hupata joto kwa maji ya moto yapitayo katika mabomba, na taa za umeme huwekwa madirishani mapema kabla ya Krismasi. Hata hivyo maandalio hayajakoma. Sheria yaagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 31 Machi, barabara zikiwa na theluji au barafu, motakaa itiwe magurudumu ya wakati wa baridi.

Basi, wanafunzi, nchi yetu haina baridi ya namna hiyo, lakini ina masika na ina kiangazi. Mwenye kuezeka paa mvua ikinyesha amechelewa. Wahenga walisema: Akiba haiozi.

Maswali
1. Kwa nini kuni zilikatwa karibu mwaka mzima kabla ya kutumiwa?
2. Hewa ya makaa hudhuru namna gani katika chumba kilichofungwa?
3. Ghala ya watu wote ilikuwa na faida gani kupita ghala ya mtu mmoja?
4. Andika mambo matatu yapasayo kufanywa nyumbani kwenu kabla ya masika.