Dawa ya Maumivu kwa Punda Achechemeaye

Punda ni mvumilivu. Akichechemea, wanachama wajue kwamba maumivu ni makubwa. Wengine hukimbilia fenilibutazoni. Dawa hiyo hupunguza uvimbe na maumivu, lakini haiungi ukano uliochanika. Hapo ndipo ilipo hatari: mnyama huacha kuchechemea, mwenyewe humfunga mkokoteni, na jeraha huzidi. Apumzishwe, hata kama anatembea vema. Kipimo kipangwe na daktari wa mifugo, wala kisiigwe cha farasi, kwani mwili wa punda huiondoa dawa hii upesi zaidi. Maji yasikosekane: dawa hii huweza kudhuru figo za mnyama mwenye kiu, na ikizidishwa hutia vidonda tumboni. Katibu aandike daftarini kila punda aliyetibiwa. Nyama yake haifai kuliwa na watu.